Kuchunguza papa na taa Malindi: daftari la bandarini, kamera ya chambo, DNA ya maji au kumbukumbu za wazee?

Kikundi cha wavuvi, mwanafunzi wa shahada ya pili, afisa wa uvuvi, vijana waliopata ufadhili mdogo: yeyote anayetaka kujua hali ya papa na taa, wale samaki bapa walio ndugu wa papa, kati ya Watamu na Ngomeni hukwama mahali pamoja. Fedha zinatosha njia moja, labda moja na nusu, na washauri ni wengi. Mmoja anasema nunueni kamera. Mwingine anasema siku hizi unachota maji tu, maabara inakutajia kila kilichopita. Wa tatu anasema kaa bandarini na daftari, mengine yote ni mbwembwe.

Ugumu ni kwamba njia hizi hazipimi kitu kimoja. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya Global FinPrint, mradi uliotega kamera za chambo katika miamba 371 ya nchi 58. Kenya ilitajwa miongoni mwa nchi sita ambako papa karibu hawakuonekana kabisa. Ukijumlisha zote sita, zaidi ya saa 800 za kamera zilinasa papa watatu. Sasa nenda bandarini Malindi vyombo vinaporudi, usimame karibu na mzani. Papa wanashushwa, taa wanashushwa. Si kwa wingi wanaousimulia wazee, lakini wanashushwa. Hakuna aliyedanganya hapo. Kamera zilitegwa kwenye miamba, na jarife, nyavu za kunasia samaki wakubwa, hutegwa kwingine, kwenye mchanga, kwenye tope na kwenye maji makuu. Anayesoma matokeo ya kamera peke yake atasema papa wamekwisha. Anayeangalia mzani peke yake atasema wapo tele. Wote wawili watakuwa wameruka mbali kuliko ushahidi wao.

Vigezo kwanza

Kabla ya kulinganisha, jiulize maswali matano, na la kwanza lina uzito kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja: unataka kujua nini hasa? "Hali ya papa" si swali. Swali ni kama wanaovuliwa ni watoto au wazazi. Au kama hifadhi ina papa kuliko nje yake. Au kama aina fulani bado ipo. Au hali ilikuwaje kabla daftari halijaanza.

La pili ni maji yenyewe: masafi au ya tope, mwamba au mchanga. La tatu ni gharama zinazojirudia, maana kununua kifaa ni rahisi kuliko kumlipa mtu kila mwezi. La nne ni wavuvi: njia ipi inawahitaji, na ipi inaweza kuwaudhi? La tano ni ruhusa. Njia zote nne nimezipitisha kwenye maswali hayo, ingawa si kila moja ina mengi ya kusema kwa kila swali.

Daftari la bandarini

*Linajibu nini.* Nani anavuliwa, wa ukubwa gani, kwa zana gani na msimu gani. Papa unampima urefu toka ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Taa unampima upana, toka ncha ya ubawa mmoja hadi wa pili, kwa sababu mkia mara nyingi umeshakatwa baharini ili kuondoa mwiba. Dume unamjua kwa viungo viwili vya uzazi vilivyo kando ya mapezi ya tumboni: vikiwa vifupi na laini hajakomaa, vikiwa virefu na vigumu amekomaa. Hayo yote unayapata bila kuua samaki hata mmoja zaidi ya waliokwisha kufa.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote katika njia hii ni kitovu. Mchukue papa pingusi mchanga, yule mwenye kichwa cha nyundo, mgeuze chali, uangalie katikati ya mapezi ya kifuani. Pingusi huzaa watoto hai, kuanzia kumi na kitu hadi arobaini hivi kwa uzazi mmoja, na tumboni mwa mama hulishwa kupitia kitovu kama sisi. Anayezaliwa hutoka na tundu dogo pale. Likiwa bado wazi, mtoto huyo ni mchanga kabisa na hajafika mbali na alipozaliwa. Likiwa limefunga na kubaki mstari mweupe, ameshakaa baharini kwa muda. Anayeandika "wazi" au "limefunga" kwa kila mtoto, mwaka mzima, ataijua miezi ya kuzaa. Akimuuliza nahodha jarife lilitegwa wapi, ataanza kuchora ramani ya malezi. Watoto wa pingusi wanajulikana kupenda ghuba zenye kina kifupi na maji ya tope, na maji ya namna hiyo huku kwetu hayatafutwi mbali, maana kuna mdomo wa mto Sabaki, na ukipanda kaskazini kuna Ghuba ya Ungwana yote.

*Linataka nini.* Tepu, mzani, simu ya kupiga picha, na mtu anayejua saa za vyombo kurudi. Picha ziwe za ubavu, tumbo na kichwa kwa juu, tepu ionekane. Gharama halisi ni posho ya mtu huyo, mwezi baada ya mwezi, ukiwemo ule mwezi wa kusi ambao bahari imechafuka na hakuna anayeona sababu ya kumlipa. Mwezi huo ndio miradi mingi hufia.

*Linakwamia wapi.* Kwanza kwenye majina. Madaftari mengi yana safu ya "papa" na safu ya "taa", basi, na aina zote zimelundikwa humo. Papa wa kijivu wa miambani na wa maji makuu hufanana kiasi kwamba hata wataalamu huomba kipande cha nyama wakapime DNA. Wengine hufika bila kichwa wala mapezi. Pili, kwenye juhudi ya uvuvi: ukiandika papa wameongezeka bila kuandika vyombo vingapi vilitoka, na vingapi vilirudi mikono mitupu, huenda kilichoongezeka ni nyavu tu. Tatu, kuna samaki ambao hawapiti bandarini kwako, wakiwemo wanaonaswa na trola, meli zinazokokota nyavu kuvua kamba.

Nne ni hofu. Pingusi waliwekwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2013, na mwaka 2022 mkutano wa Panama uliongeza familia nzima ya papa wa kijivu. Mvuvi akisikia hivyo anadhani akionekana na papa atashikwa. Mweleze mapema: orodha hiyo inasimamia biashara ya kuvuka mipaka ya nchi, mapezi hasa, na haimkatazi mtu kula mchuzi wa papa Malindi. Sheria za ndani ni suala jingine, na hizo mwulize afisa wa uvuvi kabla hujaanza kuhubiri. Ukimfanya karani wako aonekane askari, papa watashushwa usiku, mahali pengine.

*Linamfaa nani.* BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari yao), afisa wa uvuvi, na mtafiti anayeweza kukaa mwaka au zaidi. Halimfai mwenye miezi mitatu.

Kamera ya chambo

*Inajibu nini.* Nani yuko hai mahali fulani, na wapi kuna wengi kuliko wapi. Kwa swali la hifadhi sijui njia inayoipita. Mbuga ya baharini ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968 na humo hakuvuliwi. Hifadhi inayoizunguka inaruhusu uvuvi wa kienyeji. Hiyo ni nafasi ya kulinganisha ndani na nje ambayo pwani nyingi hazina, na isingekuwa na maana kwenda kuvua ndani ya mbuga ili kujua kuna nini.

*Inataka nini.* Kiunzi cha chuma, kamera ndogo kwenye kasha lisiloingiza maji, na mkono unaotokeza mbele ya kamera ukiwa na mfuko wa chambo, kilo moja hivi ya samaki wa mafuta waliopondwa. Unaishusha, unaiacha saa moja hadi moja na nusu, unaipandisha, unahamia mbali vya kutosha ili papa yule yule asivutwe na vyambo viwili. Usihesabu kila papa anayepita, kwa sababu mmoja anaweza kuzunguka mara kumi. Unaandika idadi kubwa zaidi ya aina moja walioonekana pamoja katika picha moja. Vijana wengi huwaza mashua na kamera wakasahau kiti. Kila saa ya majini ni saa nyingine, au zaidi, ya kukodolea kompyuta, tasi wakipita, tasi wakipita, halafu kivuli.

*Inakwamia wapi.* Maji ya Malindi. Kaskazi ndiyo msimu wa bahari kutulia na mashua ndogo kutoka salama, lakini upepo huo huo huyasukuma maji ya Sabaki kusini kuja mjini, na baada ya mvua za vuli bahari huwa ya rangi ya chai ya maziwa. Kusi huyapeleka maji hayo kaskazini, ila mawimbi yake si ya kuchezea. Kwa hiyo siku zako nzuri ni chache kuliko kalenda inavyoonyesha. Huko Watamu mambo ni nafuu zaidi. Isitoshe, taa aliyejifukia mchangani haonekani hata maji yakiwa kama kioo, na papa wa usiku hataingia kwenye picha ya saa nne asubuhi.

Halafu kuna tatizo la sifuri. Papa wakiwa adimu, kamera nyingi hurudi bila kitu. Sifuri nyingi zilizopangwa vizuri ni matokeo halali, kama FinPrint ilivyoonyesha. Sifuri tano ni pesa ya mafuta iliyopotea.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la mwambani na maji masafi, mashua ya uhakika na uvumilivu wa kuangalia video. Inamfaa pia anayetaka watu waone. Papa akiogelea kwenye kioo, watoto wa shule wanaoishi mita mia mbili kutoka baharini hunyamaza, na nyingi ya nyuso hizo hazijawahi kumwona papa ila akiwa mkavu.

DNA ya maji

*Inajibu nini.* Kama aina fulani imepita hapa karibuni. Basi. Viumbe huacha majini ute, kinyesi na chembe za ngozi, na ndani yake mna DNA. Unachuja lita kadhaa za maji kwenye kichujio chembamba, unakihifadhi kisioze, maabara inazidisha DNA ya jamii ya papa na kuilinganisha na maktaba ya aina zinazojulikana. Haikwambii walikuwa wangapi, wakubwa au watoto, wala kama walikuwa hai.

Neno hilo la mwisho watu hulipuuza. Bandarini papa hukatwa na damu huoshwa kurudi baharini. Ukichota maji hapo, maabara itakuletea orodha ya kupendeza sana ya samaki waliokuja kwa mashua. Chota mbali, na chuja pia maji safi ya chupa kwa vifaa vile vile, ili ujue kama uchafu unatoka mikononi mwako.

*Inataka nini.* Mikono misafi, glavu, pampu au sirinji kubwa, na maabara. Kazi ya baharini ni siku moja tu, na hapo ndipo watu hudanganyika kuhusu bei. Gharama iko kwenye kila sampuli utakayopeleka kupimwa.

*Inakwamia wapi.* Tope, tena. Kichujio huziba kabla lita ya kwanza haijaisha, na maji ya mtoni huvuruga pia kazi ya maabara. Mikondo husafirisha DNA kabla haijaoza. Aina ambayo haimo kwenye maktaba haitatajwa hata ikiwa imejaa.

*Inamfaa nani.* Anayemtafuta adimu. Papa upanga, mwenye pua ndefu yenye meno kama msumeno, ndiye mfano ninaoufikiria: alikuwepo pwani hii, jamii yake yote leo iko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, ile inayofunga biashara ya kimataifa, na kumsubiri anaswe ili ujue yupo ni kumsubiri afe. Kwa maji ya midomo ya mito, ambako kamera haioni kitu, DNA ina nafasi, mradi ujipange kwa tope.

Kumbukumbu za wazee

*Zinajibu nini.* Zamani, ambayo hakuna kifaa kinachoweza kurudi kuipima. Mwaka 1995 mwanasayansi Daniel Pauly alieleza jinsi kila kizazi cha watafiti wa uvuvi kinavyoichukua bahari kiliyoikuta kuwa ndiyo hali ya kawaida. Wavuvi hawana tofauti. Kijana wa miaka ishirini atakwambia papa wapo wa kutosha, na anasema kweli kwa kipimo chake. Ndiyo maana ni lazima uulize vizazi vitatu, na usiishie kwa wanaume. Mama karanga, wale wanaokaanga na kuuza samaki, na wanaouza ng'onda, samaki waliokaushwa, wanajua ukubwa na bei ya vipande vilivyopita mikononi mwao, na mara nyingi hakuna aliyewauliza.

*Zinataka nini.* Muda na adabu. Hufiki kwa mzee na fomu mkononi ukaanza, "Mlikuwa mkivua papa wangapi kwa siku?" Unaamkia, shikamoo mzee, unauliza hali ya nyumbani, unakaa. Kisha unatoa picha zisizo na majina na kumwacha yeye aseme. Tia humo picha ya samaki asiyekuwepo bahari hii kabisa. Anayesema alimvua jana, unajua jinsi ya kuyapima maelezo yake. Miaka usiiulize kwa tarakimu. Uliza: kabla ya jaribio la mapinduzi la 1982 au baada? Kabla ya mvua za El Niño za 1997? Mwaka wa tsunami, ile ya Desemba 2004, ulikuwa bado unatumia jarife?

*Zinakwamia wapi.* Samaki mkubwa hukumbukwa, siku za patupu husahaulika. Na mzee mstaarabu hukupa jibu analohisi unalitaka, hasa ukifika na shati lenye nembo ya uhifadhi.

*Zinamfaa nani.* Mwenye fedha kidogo na Kiswahili cha kukaa na watu. Zinamfaa pia yeyote anayeanza njia nyingine yoyote, kwa sababu nahodha atakwambia wapi pa kushusha kamera.

Kuhusu tagi za sauti na za setilaiti, hizi zinazofuatilia papa mmoja mmoja aliko, sikuziingiza kwenye ulinganisho. Kwa bajeti tunazozungumzia hapa hazinunuliki, na kushika papa akiwa hai kunataka watu waliofunzwa. Ukipata mshirika mwenye nazo, mpeleke kwa wavuvi na usikie wanasemaje.

Ruhusa, kwa ufupi

Utafiti wowote unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ndani ya mbuga na hifadhi ya baharini, KWS, shirika la wanyamapori, lazima iridhie. KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, wana wataalamu wa jamii hii ya samaki, na kuanza nao huokoa miezi. Kipande cha nyama ya aina iliyo kwenye CITES hakivuki mpaka kwenye bahasha ya mgeni wako, kinataka kibali. Na mwenyekiti wa BMU aambiwe kabla, si baada.

Kulingana na hali yako

Wewe ni BMU na unataka hoja ya kusimama nayo mbele ya serikali kuhusu matundu ya jarife au eneo la kulea watoto: chukua daftari, ongeza safu ya kitovu na safu ya vyombo vilivyorudi bila samaki. Usinunue kamera hata ukipewa kwa nusu bei.

Unasimamia hifadhi na wafadhili wanauliza kama inafanya kazi: kamera, ndani na nje, miezi ile ile kila mwaka, na maji yapimwe uwazi kila unaposhusha. Kama huwezi kurudia mwaka wa pili, usianze.

Mwanafunzi mwenye miezi sita: wazee kwanza, daftari baadaye katika bandari moja tu. Andiko lako liseme wazi kwamba ni msimu mmoja. Msimamizi anayekusukuma uchote maji kwa sababu DNA inapendeza kwenye andiko, mwulize ni nani atalipia maabara.

Unamtafuta aliyepotea, papa upanga au wale jamii ya taa wenye umbo la gitaa ambao baadhi yao wako hatarini kabisa: mahojiano yakupe mahali, kisha DNA ya maji mahali hapo. Mvuvi akikuonyesha msumeno uliotundikwa ukutani, piga picha, upime, na uulize nani aliuleta na lini, maana huenda umetoka mbali na hapa.

Una daftari la miaka mingi lililoandikwa "papa" tu: usilitupe na usianze upya. Tafuta picha za simu za wavuvi na wachuuzi wa miaka hiyo, kwa ridhaa yao, uone ni aina zipi zinatambulika, halafu kuanzia kesho ugawanye safu hiyo kwa zile aina chache ambazo karani wako anaweza kuzitofautisha bila kubahatisha. Pingusi anza naye. Kichwa chake hakimkoseshi mtu.